Bastola ndogo ya kubeba kiunoni

SWALI: Naishi Houston, Texas, na sheria ya huku inaniruhusu kubeba bastola. Muuzaji ananisukumia ile ndogo kabisa ya dukani. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize bado. Bastola ndogo hufichika vizuri chini ya shati, lakini ikilia hurudi nyuma mkononi kwa nguvu, na mwenye kuumia kiganja hukwepa mazoezi. Silaha usiyoifanyia mazoezi ni mzigo tu.

Linganisha Glock 19 na Glock 43X, zote za risasi za milimita 9. Ya kwanza hubeba risasi 15 na ina upana wa milimita 34. Ya pili risasi 10, milimita 28. Tofauti hiyo ya milimita 6 utaihisi ukikaa garini. Mimi ningeanza na 43X, ila kwanza kodi zote mbili kwenye uwanja wa shabaha, upige angalau risasi 50 kwa kila moja.

Ala ya bastola nayo isiwe ya bei chee: ifunike kifyatulio chote, iwe ngumu. Sababu ni kwamba Glock haina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Na kama nyumbani kuna watoto, nunua sanduku la kufuli siku hiyohiyo.