Maumivu ya Kifua na Jakamoyo kwa Mwenye Kuacha Vidonge vya Kutuliza



Katika maradhi yanayofichwa sana majumbani mwetu ni maradhi ya mtu aliyezoea vidonge vya usingizi na vya kutuliza moyo. Mlevi hujulikana kwa harufu yake, na mtumiaji wa unga hujulikana kwa hali yake. Lakini huyu tunayemtaja aweza kuwa mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, au mfanyi biashara aliyekoseshwa usingizi na madeni. Alipewa vidonge vya wiki mbili, akaona raha, akaendelea kuvinunua kwa miaka. Yeye mwenyewe hajihesabu kuwa ni mtu wa dawa. Siku anapokusudia kuviacha, kifua humbana, moyo humwenda mbio, na mikono humtetemeka, akayakinisha kuwa mauti yamemfikia. Basi hukirudia kidonge, au hukimbizwa hospitali akaambiwa, "Moyo wako mzima," akarejea nyumbani na khofu ile ile.

Twataka katika somo hili kubainisha mambo matatu: kwa nini kifua huuma, ni lini maumivu hayo ni khatari, na ipi njia ya salama ya kuviacha vidonge.

Vidonge hivi hufanya nini

Vidonge vya jamii hii vilianza kuuzwa mwaka 1960 kwa jina la Librium, na mwaka 1963 kikatoka Valium, ambacho dawa yake huitwa diazepamu. Vyote viwili vilitokana na kazi ya mwanakemia Leo Sternbach katika kampuni ya Hoffmann-La Roche. Jamaa zake ni wengi: lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu, na flunitrazepamu, ambayo ndiyo Rohypnol, na vijana wa mitaani kwetu huiita bugizi.

Ndani ya ubongo mna kitu kiitwacho gaba, ambacho kazi yake ni kuipoza mishipa ya fahamu isichachamae. Vidonge hivi huizidisha nguvu gaba hiyo, na kwa hivyo mtu hutulia na kulala. Navyo vina manufaa yake kwa muda mfupi, na kwa mwenye kifafa huweza kumwokoa. Tatizo ni muda. Mtu akivitumia kila siku, ubongo hujirekebisha ili usilale mno, na mazoea haya huweza kuingia katika wiki chache tu, hata kwa mtu anayefuata maagizo ya daktari sawasawa.

Mfano wake ni chombo baharini. Upepo ukikilaza, mabaharia huhamia upande wa joshini ili kukisawazisha. Dawa ni kama upepo ule, na ubongo ni kama wale mabaharia. Sasa upepo ukikatika ghafula, hali watu wote wamekaa upande mmoja, chombo kitalalia upande ule ule waliokaa, na pengine kipinduke. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kuacha vidonge kwa siku moja: utulivu huondoka, na zile nguvu ambazo ubongo ulizikusanya kushindana na dawa hubaki peke yake bila ya mpinzani.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1961 daktari Mmarekani Leo Hollister na wenzake walieleza khabari za wagonjwa 11 waliokuwa wakipewa Librium kwa vipimo vikubwa kwa muda wa miezi, kisha dawa ikakatwa ghafula. Kumi kati yao walipata dalili mpya, na wawili walishikwa na kifafa. Basi ilijulikana mapema, mwaka mmoja tu baada ya dawa kuingia madukani. Lakini miaka mingi ilipita watu wakiandikiwa vidonge hivi bila ya kutahadharishwa.

Kwa nini kifua huuma

Watu wengi husema, "Daktari amepima moyo hakuona kitu, basi maumivu haya ni ya kujitungia." La, maumivu ni ya kweli, nayo yana sababu zake.

Sababu ya kwanza ni misuli. Mtu aliyejaa khofu hukaza mabega, shingo na misuli iliyo baina ya mbavu bila ya kujijua, usiku na mchana. Misuli iliyokazwa hivyo huuma, na mara nyingi ukibonyeza kwa kidole huhisi pale pale panapouma.

Ya pili ni pumzi. Mwenye jakamoyo huvuta pumzi nyingi na za haraka, hata ile hewa ya kaboni iliyomo katika damu ikapungua kuliko inavyotakiwa. Hapo kichwa huzunguka, vidole na midomo hufa ganzi, kifua hubana, na mtu huona kwamba hewa haimtoshi, kumbe ameivuta kupita kiasi. Kwa kuona hivyo huzidi kuvuta, na taabu huzidi.

Ya tatu ni tumbo na umio. Katika siku hizi za kuacha, tumbo huchafuka, na uchungu wa nyongo na tindikali hupanda ukachoma nyuma ya mfupa wa kifua, mahali ambapo mtu hudhani ni moyo.

Wala si maradhi mageni. Mwaka 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa wa Marekani aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliokuwa na maumivu ya kifua, mapigo ya mbio na pumzi fupi, naye hakuona ndani ya mioyo yao ugonjwa wa kuyaeleza yote hayo. Askari wale hawakuwa waongo wala waoga.

Lini maumivu ni khatari

Msomaji asifahamu kutokana na maneno yaliyopita kwamba kila maumivu ya mwenye kuacha vidonge ni jakamoyo tu. Mwenye jakamoyo naye ana moyo, na moyo huugua. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kupimwa, khasa kwa mtu wa makamo, mwenye sukari, mwenye shinikizo la damu au mvuta sigara.

Na mtu aende hospitali upesi, wala asingoje kupambazuke, akiona mojawapo ya haya: kifua kukandamizwa kama kwa jiwe zito, maumivu kwenda kwenye mkono, taya au mgongo, jasho baridi na kutapika, maumivu yajayo wakati wa kupanda ngazi au kubeba mzigo, kuzimia, au pumzi kukatika hata akiwa ametulia. Wanawake na wenye sukari pengine hupata ugonjwa wa moyo kwa dalili zilizofichika zaidi, kama uchovu mkubwa na kichefuchefu. Kadhalika mwenye kupata kifafa, au kuweweseka na kuona visivyokuwapo baada ya kukata vidonge, huyo ni mgonjwa wa hospitali saa ile ile.

Lakini akiisha kupimwa na kuambiwa moyo ni mzima, na maumivu yakarudi kwa sura ile ile aliyoizoea, basi na afanye hivi: akae kitako, aegemee, ashushe mabega. Avute pumzi kwa pua polepole kwa hesabu ya 4, na aitoe kwa hesabu ya 6, tumbo likipanda na kushuka, kifua kikitulia. Asitie uso ndani ya mfuko kama wengine wanavyoshauri, kwani kama kosa limo moyoni au mapafuni, mfuko huzidisha dhara. Ajiambie, "Hili nalijua, lilikuja jana likaenda." Aghlabu wimbi la khofu hufika kileleni katika muda wa dakika 10 hivi, kisha hushuka. Na katika siku hizi apunguze kahawa chungu na chai ya rangi, na miraa aiache kabisa, kwani vitu hivi huuendesha moyo mbio.

Njia ya kuacha

Asili ya tiba ni kwenda polepole. Turejee kwenye mfano wetu: upepo ukipungua kidogo kidogo, mabaharia nao hurejea katikati mmoja mmoja, na chombo hakipinduki.

Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya wagonjwa wa namna hii mjini Newcastle, Uingereza, tangu 1982 hata 1994, alifundisha kupunguza kiasi cha sehemu moja katika kumi kila baada ya wiki moja au mbili. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2025 wasema ianzwe kwa kupunguza asilimia 5 mpaka 10 kila baada ya wiki 2 mpaka 4. Mathalani, mwenye kutumia miligramu 10 za diazepamu kila siku ataanza kwa kushuka hadi 9 au 9 na nusu, akae hapo mpaka atulie, ndipo ashuke tena. Safari hiyo huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Dalili huja na kupungua kama maji kujaa na kupwa. Siku mbaya baada ya siku njema si alama ya kushindwa.

Kazi hii haifanywi bila ya daktari. Alprazolamu hutoka mwilini upesi, na diazepamu hukawia. Kwa hivyo daktari pengine humhamisha mgonjwa kutoka ile hadi hii kwanza. Na mwenye kuchanganya vidonge na unga au pombe yumo katika khatari kubwa zaidi, kwani vikikutana huzima pumzi usingizini. Huyo aeleze kila anachotumia, asifiche kimoja.

Na hapa pana jambo ambalo yapasa tulitaje. Wako wanaoazimia kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama watavitupa vidonge vyote kwa siku moja. Nia ni njema, lakini njia ni ya khatari. Na aende kwa daktari miezi kabla, aanze kupunguza, na aulize kama kipimo chake chaweza kugawanywa baina ya futari na daku. Ikiwa hakiwezekani, ruhusa ya mgonjwa yajulikana na kila mtu, wala haina aibu.

Kwa watu wa nyumbani

Enyi wazee na ndugu, msivinyang'anye vidonge na kuvitupa baharini kwa hasira; kufanya hivyo kwaweza kumletea kifafa. Wala msimwambie kwamba ni shetani au uvivu. Mmoja wenu amshikie vidonge na kumpa kwa kipimo alichoandika daktari. Mwingine akae naye usiku maumivu yakija. Asiyejua pa kuanzia na aende hospitali ya serikali iliyo karibu naye, au apige simu ya bure ya Nacada, nambari 1192.

Muhtasari wa somo letu ni huu: maumivu ni ya kweli, basi yapimwe, yakijulikana si ya moyo, yavumiliwe kwa pumzi na utulivu, na dawa iliyoingia kwa miaka isitolewe kwa siku moja. Mwenye kuficha hali yake kwa kuogopa maneno ya watu hubaki peke yake na khofu yake, na khofu ya mtu aliye peke yake ndiyo inayomrejesha kwenye kidonge.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi subira ya kukaa nao.