Paka Alale Kitandani, Chandarua Kisifunuke

Kijitabu hiki ni cha nyumba ambazo paka ni mmoja wa wenyeji. Nyumba hizo ni nyingi. Huku pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, paka huingia na kutoka vyumbani bila kubisha hodi. Mijini bara wako wengi waliomleta paka kwa sababu ya panya, kisha wakampenda mwenyewe. Baadhi yao wanatamani alale nao usiku, naye hataki: akiwekwa kitandani anaruka chini, anakwenda kulala juu ya kabati au uvunguni. Wengine wamefanikiwa, ila wanaamka wameumwa na mbu mwili mzima.

Kwa wote hao tuna neno moja. Paka aliyechanjwa na kutunzwa anaweza kulala kitandani kwa mtu mzima mwenye afya, mradi asiwe yeye sababu ya chandarua kufunuka.

Jinsi ya kumzoesha

Paka hulala kati ya saa 12 na 16 kwa siku, lakini usingizi wake haufuati saa zetu. Kwa maumbile ni mwindaji wa magharibi na alfajiri. Ndiyo maana saa tatu usiku, nyumba inapoanza kutulia, yeye ndiyo kwanza anakimbia huku na huku sebuleni, na saa kumi na moja alfajiri anakuja kukukanyaga kifuani akidai chakula. Maumbile hayo huwezi kuyafuta, ila unaweza kuyasogeza. Siku ya paka ina utaratibu wake: anawinda, anakula, anajilamba, halafu analala. Basi mpe utaratibu huo jioni.

Familia ikishakula, cheza naye kama dakika kumi. Kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kinatosha. Kiburute sakafuni, kifiche nyuma ya mlango, na mwishowe mwache akikamate. Ukimaliza kiweke mbali naye, maana uzi au kamba ikimezwa huweza kuchana utumbo. Halafu mpe mlo wake mkubwa wa siku: dagaa waliochemshwa bila chumvi, au samaki aliyeondolewa miiba, pamoja na maji safi. Mlo huo aule jikoni. Makombo ya samaki kwenye shuka huita sisimizi, mende na panya walewale mliomfugia paka. Akishiba ataketi, atalamba mkono na kujipangusa uso, na macho yataanza kumlegea. Hapo ndipo mwelekee chumbani.

Paka hupenda kulala penye joto na penye harufu anayoijua. Joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 38 na 39, letu ni kama 37, kwa hiyo hutafuta mahali pa kulihifadhi. Chukua kanga au fulana uliyoshinda nayo mchana, usiifue, itandike upande wa miguuni. Kisha mwache apande mwenyewe. Akipanda, mpapase kichwani na chini ya kidevu, sema naye kwa sauti ya chini, umwache. Ukimkamata na kumbana kifuani unamfundisha kukikimbia kitanda. Wahenga walishaona kwamba paka hakubali kulala chali.

Majira nayo yana lake. Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, paka hujinyoosha juu ya sakafu ya saruji na hakuna shuka litakalomvuta. Njombe, Lushoto au Limuru mwezi wa Julai atakuja bila kuitwa, na atataka kuingia ndani ya blanketi. Mwenye haraka ya kumzoesha aanze msimu wa baridi.

Akikuamsha alfajiri, usiinuke kumlisha papo hapo, kwa kuwa kesho atakuja mapema zaidi. Amka kwa saa yako, maliza shughuli zako za asubuhi, ndipo umpe chakula.

Chandarua

Sehemu hii tunaomba isomwe taratibu, na asiyejua kusoma asomewe.

Mbu wa Anofelesi, wale waenezao malaria, huuma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, watu wakiwa wamelala fofofo. Chandarua huwazuia kikiwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Sasa mfikirie paka aliyelala ndani ya neti. Saa nane usiku anaamka, pengine ana kiu au amesikia panya darini. Anasukuma upindo kwa kichwa, anapenya, anakwenda zake. Upindo unabaki umekunjamana kando ya godoro na kuacha uwazi wa kiganja kimoja. Aliyelala hana habari. Mbu akishaingia hapo, alfajiri utamkuta ameng'ang'ania pembe ya juu ya neti, tumbo limevimba damu yako au ya mwanao.

Paka asiyepata upenyo hutumia kucha. Kagua neti mchana, ukiishika ili mwanga utokee upande wa pili. Matundu ya kucha ni madogo, mawili matatu kwenye mstari mmoja, mara nyingi upande wa chini karibu na miguu. Nyuzi zikishakatika, tundu hupanuka kila neti inapovutwa kuchomekwa. Lishone siku hiyohiyo, hata kama uzi ulio nao ni wa rangi nyingine.

Ziko njia mbili za kuishi na paka na chandarua katika chumba kimoja. Ya kwanza ni kumwingiza paka kwanza, akiwa ameshakunywa maji na kwenda haja, kisha kushusha neti na kuichomeka mkiwa nyote ndani. Hiyo humfaa paka mzee, mtulivu, anayelala mpaka uamke. Kwa paka kijana haifai, kwa kuwa ataamka tu, na ukimzuia ataichana.

Njia ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba nyingi za maeneo yenye malaria: mtengenezee malalo yake nje ya neti, yakigusana na kitanda chako. Sanduku la nguo, kiti kipana au meza fupi yenye kimo sawa na godoro inatosha. Juu yake weka mto wa zamani na ile kanga yenye harufu yako. Anakuona, anakusikia ukipumua, na chandarua kiko kati yenu. Usiku akitaka kutoka, anatoka bila kugusa chochote. Anayedhani kwamba huko ni kumtenga paka amtazame siku chache: paka anataka kuwa karibu na mtu wake, na sanduku lililogusana na kitanda linampa ukaribu huo.

Neti zinazogawiwa kliniki za wajawazito na kwenye kampeni za malaria zina dawa kama deltamethrini au permethrini. Dawa iliyo kwenye nyuzi ni kidogo, lakini usimwache paka azitafune, na neti mpya ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutundikwa, mahali asipofika. Hatari kubwa kwake iko dukani. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, ile ya kudondoshwa shingoni, ini la paka haliwezi kuivunja. Hutetemeka, hutoka mate, hukakamaa, na huweza kufa. Parasetamoli nayo ni sumu kwake. Nusu kidonge alichopewa kwa huruma kinaweza kumuua. Dawa yoyote ya paka itoke kwa daktari wa mifugo.

Kabla hajapanda kitandani

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo ya kwanza. Jina lisikudanganye: ugonjwa huo humpata paka pia, naye akiupata huuma bila kuchokozwa. Mchanje afikapo miezi mitatu, kisha urudie kila mwaka au kama itakavyoandikwa kwenye kadi yake. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na maofisa wa mifugo hutumia majira hayo katika maeneo mengi kuchanja mbwa. Uliza kama na paka wanachanjwa, umpeleke akiwa ndani ya kikapu chenye mfuniko.

Viroboto usiwatafute kwa macho. Msimamishe paka juu ya karatasi nyeupe, mchane mgongoni kuelekea mkiani kwa kitana cha meno ya karibu. Zikidondoka punje nyeusi, zitonee maji. Zikiacha rangi nyekundu ya kahawia, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Wale wazima wako kwenye manyoya, lakini mayai na mabuu yao yako kwenye mkeka, zulia na mishono ya godoro, kwa hiyo kumtibu paka bila kufua matandiko ni kazi bure. Fua shuka na foronya kwa maji ya moto, nyuzi 60 ukiweza, na utoe godoro juani.

Ukikuta shukani, pale alipolala, punje nyeupe zilizokauka kama mchele, hivyo ni vipande vya tegu. Tegu huyo hupitia kwa kiroboto, na mtoto anayemeza kiroboto bila kujua huweza kumpata. Dawa ya minyoo kwa paka itolewe kila baada ya miezi mitatu, na kwa vitoto vya paka mara nyingi zaidi. Choa nacho huanza kwa vitoto: kiduara kisicho na manyoya masikioni au usoni. Paka mwenye kiduara hicho asipande kitandani hadi apone.

Kwa familia za Kiislamu, paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo na kinyesi chake ni najisi. Akichafua shuka, ibada na afya zinaagiza kitu kilekile: lifuliwe mara moja.

Zipo pia sehemu ambazo jibu letu ni hapana. Ituri nchini Kongo bado hupata tauni, na wilaya ya Lushoto ilikumbwa na milipuko yake kuanzia mwaka 1980. Paka anayekula panya mwenye tauni huugua yeye mwenyewe, na huweza kuleta viroboto wa panya hadi kwenye matandiko. Katika sehemu za namna hiyo, panya wakionekana kufa ovyo, paka asikaribie kitanda, na habari ifikishwe zahanati siku hiyo.

Wasiolala na paka

Mtoto mchanga asilale na paka. Paka hufuata joto, na mtoto mchanga hawezi kumsukuma. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito, malaria ndiyo hofu kubwa zaidi. Neti yao isiingie paka hata mtulivu.

Mama mjamzito husikia mengi ya kutisha kuhusu paka, na wengine huambiwa wamtupe. Si lazima. Kimelea cha toksoplasma hutoka kwenye kinyesi cha paka, na huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Trei ya mchanga ikisafishwa kila siku na mtu mwingine, hatari hiyo hupungua sana. Zaidi huambukizwa watu kwa nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani. Mama anawe mikono, apike nyama iive, avae glavu akilima, na paka wake abaki. Mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka afuate maagizo hayohayo.

Kwa mwenye pumu au mzio wa paka hatuna njia ya katikati. Kinachomdhuru kiko kwenye mate na ngozi ya paka, naye hujipaka kila anapojilamba, kumnyoa hakusaidii. Chumba chake cha kulala kisiingie paka, mchana wala usiku.

Akiuma au akikwaruza

Meno ya paka ni membamba na huingia ndani sana. Tundu huziba juu haraka huku vijidudu vikibaki chini, na mkono huweza kuvimba kabla ya siku kuisha. Mkwaruzo wa paka mwenye viroboto nao huweza kuleta homa na mitoki ya kwapani baada ya wiki moja au mbili.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika hizo ni ndefu kuliko unavyodhani. Usiweke majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama paka ni wako na anaonekana mzima, ukiwa na kadi yake ya chanjo. Mhudumu akikuanzishia sindano za kichaa cha mbwa, zimalize zote kwa tarehe ulizoandikiwa. Paka afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, lakini siku hizo zisikucheleweshe kwenda kutibiwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na lengo hilo linategemea watu kufika kituoni mapema.

Dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Kwa hiyo mtoto akija na mkwaruzo, hata mdogo, msimfokee kwa kumchezea paka. Mtoto anayeogopa kufokewa huficha kidonda. Mwosheni, mpelekeni.