Sakafu ya Godauni na Nyuzi za Chuma: Maswali ya Wanaojenga

Anayekuuzia nyuzi za chuma kwa ahadi kwamba sakafu ya godauni lako haitapata ufa hata mmoja, ama hajui anachouza, ama anakijua vizuri mno. Nyuzi hizi hazizuii zege kupasuka. Kazi yake huanza pale ufa unapotokea, na kazi hiyo ina thamani yake. Maswali yafuatayo ndiyo yanayowasumbua wenye maghala, viwanda na yadi za makontena kabla hawajaamua kuachana na wavu wa BRC, ule wavu wa chuma unaotandazwa ndani ya sakafu.

Nyuzi hizi ni kitu gani hasa?

Ni vipande vya waya wa chuma, kwa kawaida vyenye urefu wa milimita 30 hadi 60 na unene usiozidi milimita 1, vingi vikiwa vimekunjwa ncha kama ndoano. Huchanganywa ndani ya zege likiwa bado bichi. Kwa sakafu za viwanda, kipimo cha kawaida ni kilo 20 hadi 40 kwa kila mita moja ya ujazo. Ukisikia kilo 25 unaweza kuona ni kidogo. Lakini uzi wa milimita 60 wenye kipenyo cha milimita 0.75 una uzito wa karibu gramu 0.2, kwa hiyo kilo hizo 25 ni nyuzi zaidi ya laki moja, zimetapakaa juu, katikati na chini ya zege. Si uvumbuzi wa juzi: utafiti wa James Romualdi na wenzake huko Marekani, miaka ya 1960, ndio uliozifanya zichukuliwe kwa uzito na wahandisi.

Zinasaidiaje, kama ufa utatokea tu?

Zege likibanwa ni gumu kwelikweli. Likivutwa, uwezo wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Sasa fikiria rafu za godauni zenye ngazi nne, kila ngazi ikibeba paleti mbili za tani moja. Kila mguu wa katikati unabeba karibu tani 4, na unakanyaga sakafu kwa bamba dogo la chuma. Rafu mbili zikipeana mgongo, sehemu hiyo hiyo inabeba tani 8. Zege chini ya mguu linapinda kidogo, na upande wake wa chini unavutwa. Hapo ndipo ufa unapoanzia.

Zege tupu likipasuka, limekwisha. Lenye nyuzi hupasuka pia, lakini nyuzi zinazokatiza ufa huo hushikilia pande zote mbili. Ili ufa upanuke, ndoano lazima inyooke kwanza, kisha uzi uchomoke kwa kukwaruzana na zege. Uzi mzuri huchomoka taratibu pasipo kukatika, na wakati huo mzigo unahamia kwenye zege la jirani ambalo bado halijachoka. Ufa unabaki mwembamba, na foklifti inapita juu yake bila kubomoa kingo zake.

BRC ina kasoro gani?

Kwenye karatasi, haina. Kasoro iko saiti. Mchoro unasema wavu ukae juu kidogo, ukiwa umeinuliwa na vipande vya kuegemea. Siku ya kumwaga, vibarua wanaukanyaga na toroli linapita juu yake. Jioni wavu umelala chini kabisa, juu ya nailoni iliyotandikwa chini ya zege, ambako hausaidii karibu chochote dhidi ya nyufa za juu. Nyuzi haziwezi kukanyagwa zikashuka. Tena, kwa kuwa hakuna wavu wa kuukwepa, lori la zege linaweza kurudi nyuma hadi pale panapomwagwa, na mara nyingine gharama ya pampu ikaepukika.

Basi niondoe nondo zote?

Hapana. Nguzo, mihimili na sakafu za ghorofani zinabaki na nondo zake. Hata kwenye sakafu inayolala ardhini, zile nondo fupi laini zinazopitisha mzigo kutoka kipande kimoja kwenda kingine kwenye jointi haziondolewi. Pembe zinazozunguka nguzo nazo huhitaji nondo za ziada.

Na zile jointi za kukatwa kwa msumeno?

Zinabaki, isipokuwa sakafu imesanifiwa mahususi bila hizo, kwa nyuzi nyingi zaidi na jointi chache za chuma zilizoachana mbali. Zege linapokauka husinyaa, nyuzi zipo au hazipo. Kwa utaratibu wa kawaida, jointi hukatwa kila baada ya mita 6 hivi, kwa kina cha robo hadi theluthi ya unene wa sakafu, na ndani ya saa 24. Fundi akisema tukate keshokutwa, zege litakuwa limeshajichagulia pa kupasukia.

Na udongo wa chini?

Hili huulizwa na wachache, na ndilo lenye hasara kubwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa mashariki na kusini mwa Nairobi, huvimba masika na kunywea kiangazi. Hakuna kilo za nyuzi zitakazoutuliza. Uondolewe au utibiwe, kiletwe kifusi kizuri, kishindiliwe tabaka kwa tabaka na kipimwe. Pesa ikiwa haitoshi nyuzi na kifusi vyote viwili, mimi ningeitia kwenye kifusi kwanza.

Mafundi wabadili nini?

Nyuzi zimwagwe kidogo kidogo huku pipa la lori likizunguka kwa kasi. Zikitupwa kwa mkupuo hujifunga mabonge. Zege litaonekana zito. Dawa yake ni kemikali ya kulilainisha. Maji ya ziada yanaliua. Na kumwagilia kwa siku saba kuko palepale.

Hazitaota kutu?

Zilizo juu kabisa zitaota, hasa nje na karibu na bahari, na zitaacha madoa ya kahawia. Zilizo ndani ya zege zima hulindwa. Tofauti na nondo, uzi ni mwembamba mno, kutu yake haina nguvu ya kulibandua zege. Ndani ya godauni, unga mgumu unaonyunyizwa juu na kusuguliwa kwa mashine hufukia nyuzi nyingi zilizochungulia.

Nimuulize nini muuzaji?

Usimuulize kilo peke yake. Omba cheti cha EN 14889-1 au ASTM A820, na matokeo ya jaribio la EN 14651, linalopinda mhimili mdogo wa zege na kupima nguvu inayobaki baada ya kupasuka. Mpe mhandisi wako takwimu hizo ndipo apange unene na kipimo. Kilo 25 za uzi mmoja hazilingani na kilo 25 za uzi mwingine. Na siku ya kumwaga, weka mtu unayemwamini ahesabu mifuko inayoingia kila lori: kwa kipimo cha kilo 25, lori la mita 7 za ujazo lipokee kilo 175, zisipungue.