Mji wa Buibui katika Pango la Kiberiti



Buibui tumjuaye majumbani mwetu ni kiumbe wa upweke. Kila mmoja hutandaza utando wake katika pembe yake, na mwenziwe akimkaribia aghlabu hugeuka chakula. Kwa hivyo khabari iliyotolewa na wataalamu mwaka 2025 iliwastaajabisha wenye elimu ya viumbe, nasi tumeona yafaa tuisome kwa utaratibu, kwani magazeti yameitia chumvi nyingi.

Pango lenyewe liko mpakani mwa Ugiriki na Albania, katika bonde jembamba lipitalo mto Sarandaporo. Mlango wake u upande wa Ugiriki, na vilindi vyake vyaingia Albania. Huitwa Pango la Kiberiti, kwa kuwa ndani yake mna kijito chenye gesi ya kiberiti, ile inukayo kama yai viza. Wachunguzi wa mapango kutoka Cheki waliuona utando huo mwaka 2022. Kisha wataalamu wakiongozwa na István Urák, wa chuo kikuu cha Sapientia katika Rumania, wakauchunguza.

Utando umeshikamana na ukuta wa njia nyembamba yenye dari fupi, mahali pasipofika mwanga kabisa. Eneo lake ni mita za mraba 106. Wala haukufumwa kwa shauri moja, kama walivyodhani baadhi ya watu. Ni maelfu ya tando ndogo, zenye mdomo mpana na shingo nyembamba, zilizoungana hata zikawa kama zulia zito. Wakaazi wake wakadiriwa kuwa 111,000: wapata 69,000 ni Tegenaria domestica, buibui wa majumbani huko Ulaya, na wapata 42,000 ni Prinerigone vagans, aliye mdogo zaidi kwa umbo. Ukigawa hesabu hiyo, wapata zaidi ya buibui 1,000 kwa kila mita moja ya mraba.

Basi umati huu hula nini? Chakula tukijuacho sisi asili yake ni jua: jani hulishwa na mwanga, mnyama akala jani. Pangoni hapana jani wala jua. Lakini mna bakteria wapatao nguvu kwa kuiunganisha gesi ya kiberiti na oksijeni, na kwa nguvu hiyo hujitengenezea chakula gizani. Bakteria hao hufanya ukoka wenye utelezi. Mabuu ya usubi wasiouma huula ukoka huo. Mabuu yakiisha kuota mbawa huruka makundi kwa makundi, yakanaswa utandoni. Wataalamu walipima aina za kaboni na naitrojeni miilini mwa viumbe hao, wakathibitisha kwamba chakula chao chatoka humo humo pangoni.

Swali lililo gumu zaidi ni hili: mbona mkubwa hamli mdogo? Nje ya pango angemla. Wataalamu waonelea huenda giza limeyazuia macho yake. Sisi sababu hiyo peke yake haitutoshelezi, kwani buibui mfuma tando hulijua windo kwa mtikisiko wa uzi zaidi kuliko kwa macho. Twaelekea kudhani kwamba na shibe ina sehemu yake.

Msomaji Mwislamu asikiapo pango na buibui, fikira humwendea Pango la Thawr. Qur'ani, katika Sura ya 9, imelitaja pango lakini haikumtaja buibui. Khabari ya utando mlangoni imepokewa katika riwaya, na wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya usahihi wake. Mambo haya mawili yasichanganywe.

Yamebainika pia mengine. Buibui wa pango hili wametofautiana kinasaba na wenzao wa nje, na bakteria wa miilini mwao ni wa aina chache zaidi. Yaonyesha wamekaa humo vizazi vingi bila kuchanganyika. Ama ulinzi wa pango wahitaji mapatano ya serikali mbili, kwa kuwa mpaka wa nchi wapita juu yake.