MAYAI YA RANGI MBALIMBALI: TUCHAGUE KUKU GANI?

Somo kwa wazazi wa Kasungami



Katika Injili ya Luka, sura ya 11, Bwana Yesu anawauliza wababa juu ya mtoto anayeomba yai. Hakuna baba atakayemwekea mtoto wake nge mkononi. Lakini katika kazi ya kupima watoto tunaona jambo lingine: kuku wako katika lupango, mayai yako katika kikapu, na mtoto hapati hata moja.

Siku moja mama mmoja wa Kasungami alileta mtoto wake wa karibu miaka 2. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu-nyekundu, ngozi inabanduka, na hakutaka kucheza. Tangu mdogo wake alipozaliwa alikuwa anakula bukari na mchuzi tu. Ugonjwa huo waganga wanauita kwashiorkor. Ni neno la watu Waga wa nchi ya Ghana, na linasema juu ya mtoto anayeugua wakati mwingine amezaliwa nyuma yake.

Tulimuliza kama ana kuku. Akajibu: “Niko nao watatu, Mama. Mumoja anatosha mayai ya mweupe, ile haina nguvu. Bawili banatosha ya rangi ya udongo, ile njo ya nguvu, naiuzisha ku soko.” Na mtoto je? “Mutoto mudogo akizoea mayai atakuwa mwizi.”

Mama huyu hakuwa mzazi mbaya. Alimpenda mtoto wake. Alifuata maneno aliyoyasikia tangu utoto wake. Basi leo tuyaangalie maneno hayo moja moja.

1. RANGI YA GANDA INATOKA WAPI?

Inatoka katika ukoo wa kuku, kama vile rangi ya macho inavyotoka kwa wazazi. Kuku wa aina ya Leghorn, asili yao Italia, wanataga mayai meupe. Rhode Island Red wa Marekani wanataga ya rangi ya udongo. Kule Chile kuna kuku wanaoitwa Araucana, na mayai yao ni ya bluu! Kuku wetu wa mtaani wamechanganyika, kwa hiyo katika lupango moja utapata mayai meupe, ya maziwa na ya udongo.

Ukitaka kuchagua, angalia kinyama kidogo chini ya sikio la kuku. Mara nyingi kikiwa cheupe, mayai ni meupe. Kikiwa chekundu, mayai ni ya udongo. Lakini si kila mara. Usiangalie manyoya: kuku mweusi hatagi yai jeusi. Tena kila kuku anashika rangi yake: aliyeanza na yai jeupe hatageuka kutaga la udongo.

Katika darasa moja tulipasua yai jeupe na yai la udongo, kila moja katika sahani yake, tukaficha maganda. Tukauliza wamama: lipi ni lipi? Hakuna aliyejua. Nguvu iko ndani, na ndani ni sawasawa. Yai la fermu lina karibu gramu 6 za protini, ganda liwe jeupe au la udongo. Yai la kuku wetu lina kidogo chini ya hapo kwa sababu ni dogo, si kwa sababu ya rangi.

Rangi mbalimbali zina faida moja ya kweli: unajua yai ni la nani. Kama kuku wako watatu wanataga rangi tatu, utaona upesi yupi ameacha kutaga, ni mgonjwa, au anajificha kwa jirani.

2. NA RANGI YA KIINI?

Hii inatoka katika chakula cha kuku. Anayekula mahindi meupe peke yake anatoa kiini kilichofifia. Anayepata lengalenga, majani ya matembele au mahindi ya manjano anatoa kiini cha manjano sana. Basi tupia kuku majani, naye atatafuta wadudu mwenyewe.

3. KUCHAGUA KUKU

Usiulize kwanza: “Anataga rangi gani?” Uliza hivi:

a) Ni mzima? Macho yang’ae, pua iwe kavu, upanga uwe mwekundu, nyuma pawe safi.

b) Mama yake alikuwa mlezi mzuri? Kuku wa kwetu anataga mayai 10 mpaka 15, halafu analalia siku 21 na kulea vifaranga.

c) Nitaweza kumlisha? Kuku wa fermu anaweza kutaga mayai zaidi ya 250 kwa mwaka, lakini anataka chakula cha kununua kila siku, na mara nyingi hajui kulalia. Kuku wa kwetu anataga karibu 50, lakini anajitafutia sehemu kubwa ya chakula.

d) Amepata chanjo? Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima katika siku chache. Kuna dawa ya kutia tone moja katika jicho, kila miezi 3 au 4. Elewaneni na majirani, mwite veterineri siku moja kwa wote.

4. PAHALI PA KUKU

Kuku asilale katika chumba cha watoto. Mavi ya kuku yanaleta kuhara kwa mtoto anayetambaa. Jenga kibanda, fagia, nawa mikono kwa sabuni.

Hapa Katanga kuna hatari nyingine. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulikuta kobalti na madini mengine mengi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda. Kuku naye anadonoa udongo mchana kutwa, na madini ya risasi yaliyo katika udongo yanaweza kuingia katika yai. Usifuge kuku pahali palipomwagwa mabaki ya madini au palipovunjwa betri za gari. Yai la namna hiyo halijulikani kwa rangi wala kwa harufu.

5. TUGAWANYE MAYAI

Tufanye hesabu. Kuku watatu, mayai 50 kila mmoja: 150 kwa mwaka. Ukiacha 60 ya kulalia, yanabaki 90. Hayo hayafiki mawili kwa juma! Ndiyo sababu tunasema: yai la kwanza ni la mtoto mdogo, la pili la mama mwenye mimba. Linalobaki, uzisha. Siku zisizo na yai, mtoto apate maharagi, karanga za kutwanga, au ndakala katika bukari yake.

Mtoto anaanza yai akitimiza miezi 6, pamoja na ziwa la mama. Chemsha dakika 10 mpaka kiini kigande, ponda vizuri katika uji. Yai bichi hapana. Kama mdomo unavimba, au vipele vinatoka, au anatapika baada ya kula, acha yai na umlete kwa waganga. Kama hapumui vizuri, kimbia naye mara moja.

Na maneno ya wizi? Mtoto anaiba yai kwa sababu ya njaa na kwa sababu hajafundishwa. Mpe lake wazi mezani, hatakuwa na sababu ya kulificha.

6. MTOTO ALIYEVIMBA MIGUU

Usimngojee kuku atage. Kimbia lopitali siku ileile. Yule mtoto wa mwanzo tulimponya kwa maziwa ya dawa na kwa kumwangalia usiku na mchana, si kwa mayai. Yai ni la kuzuia ugonjwa usifike. Aliporudi kupimwa, mama yake alitueleza: “Sasa ile ya mweupe ni yake. Na ile ya udongo, anakula pia.”

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini kuku wawili wa lupango moja wanataga rangi mbili?
2. Yai la udongo linashinda jeupe katika nini?
3. Katika nyumba yako, nani alikula yai juma hili?

Swali la tatu lijibiwe nyumbani, mbele ya watoto. Mungu awabariki.