Nyanya Cheri Chotara na Siri ya Mbegu Yake

Wanafunzi wa Kidato cha Pili waliniuliza kwa nini bustani ya mwalimu wao wa Biolojia imejaa nyanya za kila namna, kubwa na ndogo, tamu na chachu, ingawa zote zilitoka katika mbegu za mche mmoja. Leo nawajibu kwa maandishi, maana jambo lenyewe ni somo, tena somo lililonigharimu fedha.

Nilinunua pakiti ndogo ya mbegu za nyanya cheri chotara, zile nyanya ndogo ziliwazo nzima nzima. Mbegu zilikuwa chache na bei kali. Nilizisia katika sanduku la udongo mwepesi uliochanganywa na mboji, kina kisichopita sentimita 1, nazo zikachomoza baada ya juma moja. Miche ilipofikia urefu wa sentimita 15 hivi niliihamishia bustanini wakati wa jioni, nikaachanisha mche na mche kwa sentimita 60. Sikupanda mahali palipokuwa na viazi mviringo au biringanya, kwa kuwa hao wote ni ukoo mmoja na nyanya, na maradhi yao ni mamoja.

Nyanya cheri nyingi haziishi kurefuka. Kwa hiyo kila mche wataka mti wa kuegemea wa mita 2, ufungwe kwa kamba iliyolegea. Maji yamwagwe shinani asubuhi, si juu ya majani, kwani majani mabichi kwa maji huita bakajani. Tena yamwagwe kwa kipimo: ukiyasahau siku tatu kisha ukayafurikisha, matunda hupasuka ngozi. Jani lenye njia nyeupe za viwavi ndani yake lichumwe na kuchomwa moto. Huyo ni kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika ya Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014.

Basi nyanya zilizaa, mashada kwa mashada. Mama watoto akapeleka kikapu katika hoteli moja ya mjini. Wakazipenda, wakaagiza nyingine kwa msimu unaofuata. Hapo ubahili ukanishika. Nikasema, ya nini kununua mbegu tena? Nikachagua matunda mazuri ya mche ulio bora, nikatoa mbegu, nikaziosha, nikazianika juu ya karatasi.

Msimu wa pili nilipanda miche 20. Michache ilifanana na mama yao. Mingine ilizaa matunda makubwa kama ndimu, yaliyojaa maji bila utamu. Mingine ngozi ngumu. Na minne ilinyauka kabla ya kuzaa. Hoteli iliangalia kikapu ikakirudisha. Mama watoto hakusema neno njia nzima, na wenye ndoa wajua uzito wa kimya hicho.

Kosa halikuwa la mbegu. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili wa aina mbalimbali. Tuseme mzazi mmoja ana jeni mbili za rangi nyekundu, NN, na wa pili ana mbili za manjano, nn. Kila mtoto hupata moja huku na moja huku, awe Nn. Na kwa kuwa nyekundu huishinda manjano, watoto wote huwa wekundu. Ndiyo sababu chotara wa kwanza, aandikwaye F1 juu ya pakiti, hulingana wote. Lakini ua la nyanya hujichavusha lenyewe. Nn akichavushwa na Nn, wajukuu hutoka NN, Nn, Nn na nn: wekundu watatu kwa wa manjano mmoja. Gregor Mendel aliona hesabu hiyo katika njegere, akaichapisha mwaka 1866. Na rangi ni jambo moja tu. Ukubwa, utamu, ngozi na kinga ya mnyauko navyo hugawanyika, ndipo bustani yangu ikawa soko.

Bei nayo ina sababu. Mtengeneza mbegu sharti aondoe chavulio za ua changa la mche-mama kabla hazijamwaga chavua, kisha apake chavua ya mche-baba kwa mkono, ua baada ya ua.

Atakaye kuweka mbegu zake apande nyanya isiyo chotara. Hiyo, kwa kule kujichavusha, kwa kawaida huzaa watoto wafananao nayo. Lakini mwenye chotara anayo njia nyingine. Katika kwapa la kila jani huota kichipukizi, nasi hukivunja ili mche usiwe kichaka. Usikitupe! Chukua chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 kutoka mche usio na ugonjwa, toa majani ya chini, ukichomeke katika udongo wenye unyevu, kivulini. Kwa majuma mawili hivi huwa kimetoa mizizi. Hapo hapana baba wala mama, ni mwili ule ule wa chotara, na tunda litakuwa lile lile.

Vichipukizi 12 viko sasa nyuma ya maabara, kando ya tangi la maji. Kidato cha Pili mwaweza kuvitazama wakati wa mapumziko, ila msiving'oe kuona kama vina mizizi.