Kabla ya Bei, Uliza Maji

Wadogo zangu wa Kampemba mjini Lubumbashi, leo Yaya wenu anajibu barua moja tu, maana maswali yake ni ya nyumba nyingi. Mdogo wetu wa Bongonga ana mimba ya miezi 5. Mama mkwe anamwambia ale kapenta kila siku ili mtoto awe na akili. Jirani, aliyesikia habari za sumu ya migodi, anamwambia aache samaki wa kila aina mpaka ajifungue. Mume naye, ambaye mshahara wake umechelewa, anamletea samaki wabichi wa bei nafuu waliovuliwa mtoni Naviundu. Anauliza amsikilize nani.

Mdogo wangu, msikilize mama mkwe, ila kila ukinunua uliza kwanza: samaki huyu ametoka maji gani?

Mama mkwe ana haki. Samaki ana mafuta ya omega-3, na ubongo wa mtoto unajengwa kwa mafuta hayo tangu akiwa tumboni. Kapenta unamla mzima, kichwa, macho na mifupa, kwa hiyo unapata pia kalsiamu, vitamini A, chuma na zinki. Bukari peke yake haina hayo. Hata sombe, ambayo ina chuma, mwili haukichukui chuma hicho vizuri mpaka ikutane na samaki au nyama. Kiganja kimoja cha kapenta ndani ya sufuria ya sombe kinafanya kazi kubwa kuliko vidonge vingi tunavyouziana mitaani. Mtoto akifika miezi 6, saga kapenta waliooshwa vizuri wakakauka, tia kijiko kwenye uji wake.

Kwa hiyo jirani anakosea. Januari 2010 wataalamu wa FAO na WHO walikutana Roma, wakapima faida ya kula samaki na hatari ya zebaki iliyomo. Walikubaliana kwamba kwa mama mwenye mimba faida kwa ubongo wa mtoto huizidi hatari mara nyingi. Zebaki hujikusanya zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa wa baharini, na huyo si samaki wa sahani zetu.

Shida yetu sisi ni nyingine, nayo iko karibu na mlango. Wanaopima maji na matope ya Naviundu wamekuta shaba, kobalti na risasi kwa wingi, kwa sababu mto huo unapita kati ya viwanda vya madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, na watoto walikuwa nayo zaidi. Ziwa Tshangalele, chini ya viwanda vya Likasi, nalo samaki wake walipimwa metali, na matokeo yaliyochapishwa 2016 yaliwatia wasiwasi watafiti kwa ajili ya walaji. Tena Novemba 2025 maji machafu ya kampuni ya madini ya CDM yalimwagika mitaani humu Lubumbashi, hadi waziri wa migodi akasimamisha kazi za kampuni hiyo. Hayo yote huishia mitoni.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Metali haifi kwa moto. Ukaange, uchemshe, utie ndimu, ubanike juu ya mbabula mpaka mkavu, risasi inabaki pale pale. Metali nyingi hukaa kwenye matumbo, maini, figo, mashavu na mifupa. Samaki mkubwa unaweza kumtoa matumbo na mashavu, ukapunguza. Samaki mdogo unamla na vyote hivyo. Ndiyo maana kapenta wa ziwa Tanganyika ni chakula cha kumlea mtoto, lakini samaki mdogo wa Naviundu, aliye sawa naye kwa umbo, simpendekezi kwa mtu yeyote, sembuse mwenye mimba.

Wengine walishayaona haya: kule Minamata, Japani, watu walikula samaki na chaza wa ghuba yao bila kujua kwamba kiwanda kinamwaga zebaki humo. Paka walianza kuanguka, kisha watoto. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Metali yao si yetu, lakini samaki wao nao walionekana wazuri sokoni.

Samaki wa barafu, yule tomson wa bahari ya Namibia, yuko mbali na migodi yetu na ana omega-3 nyingi. Hatari yake ni joto. Umeme ukikatika, akayeyuka, akagandishwa tena, nyama yake hutengeneza histamini, na kupika hakuiondoi. Ukimla unahisi ulimi unachoma kama pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Sokoni tazama katoni: ikiwa imelowa maji ya kahawia yaliyoganda chini, au samaki wameshikana bonge moja lililopinda, pita. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikibaki shimo, mrudishie mama muuzaji kwa heshima. Samaki mkavu anayenuka dawa ya wadudu naye mwache, maana wako wauzaji wanaonyunyizia.

Kuhusu mume, usimwambie ameleta sumu. Ameleta alichoweza, na anakupenda. Mkae jioni, umwambie hela ile ile ya samaki wa Naviundu inaweza kununua kopo la kapenta ambalo mtakula siku kadhaa. Mkienda soko la Kenya hapa mjini, muulizeni muuzaji mzigo umetoka Kalemie, Pweto, Kasenga au wapi. Muuzaji mzuri anajua. Akijibu tu "ni samaki, mama", nendeni meza ya pili. Lenga-lenga zinazomwagiliwa kwa maji ya mto huo huo zina shida hiyo hiyo, na kuziosha kunatoa vumbi tu.

Na ninyi wakubwa wa komini na wa jimbo: pimeni samaki wanaouzwa masokoni kwetu, mbandike majibu ukutani kwa Kiswahili, mahali mama mwenye kikapu anaweza kuyasoma.